Arobaini ya Diski Iliyoitwa Ujiji

Vijana wa chumba cha seva, mmenisumbua kwa simu tangu nilipostaafu nikakabidhi funguo, mkitaka niwaandikie "uzoefu". Haya, nimekaa hapa kwangu Mjimwema, koti mgongoni, kikombe cha chai pembeni, naandika. Vyeo na mishahara sitavigusa. Waliopanda na walioshuka wanajuana. Nitawaandikia habari za mama mmoja, kabati moja la diski, na Ijumaa moja ambayo mpaka leo ikinijia nikiwa nanyoa ndevu, naweka wembe chini kwanza.

Nilitokea Kichiwa, kwa wakulima wa viazi na mahindi, Walutheri wa kukaa benchi la mbele. Hospitali ya Njombe ilikuwa ndiyo kwanza imenunua seva mbili na kabati la diski, na mimi nilikuwa na cheti kipya pamoja na kiburi cha mtu mwenye cheti kipya. Mama Sanga alinipokea mlangoni. Ndiye aliyekuwa mkuu wa kitengo, Mkinga wa Matamba, mfupi, sweta la kijani, miwani imefungwa kamba shingoni. Tukasalimiana, kamwene, kamwene, kisha akaniuliza kama koti langu limelowa. Ulikuwa mwezi wa saba, manyunyu hayakatiki, nikamwambia limelowa ndiyo. Akaniambia nilitundike nje.

Niliona ni mama mkali. Nilipoingia ndani ndipo nikaelewa. Nyuma ya kabati la diski walikuwa wametundika makoti matatu na soksi za mtoto. Hospitali nzima hapakuwa na mahali penye joto kama nyuma ya lile kabati, na manesi walikuwa wameligundua hilo kabla hata sisi hatujamaliza kufunga nyaya. Kabati linahitaji kupumua kwa nyuma; ukiliziba linachemka, likichemka linajizima. Mahali pengine fundi anapambana na jua. Njombe tulipambana na makoti.

Mama Sanga hakufoka. Aliyatoa makoti moja moja, akayakunja, akampelekea kila mwenye koti lake pamoja na salamu. Kesho yake yalikuwa mawili. Keshokutwa moja. Wiki ilipoisha alikuwa amewaomba watu wa dobi wafunge kamba karibu na mtungi wao wa maji ya moto, na tangu hapo hatukuona tena hata soksi. Mimi ningebandika tangazo la vitisho mlangoni, na makoti yangeendelea kuning'inia mpaka nastaafu.

Kwa mtakaosoma haya bila kuwa wa fani, nieleze kidogo. Seva moja kubwa hubeba ndani yake kompyuta nyingi zisizo na mwili: ya mapokezi, ya famasia, ya maabara, kila moja inajiona iko peke yake duniani. Hizo tuliziita wageni, na seva tukaiita mwenyeji. Ila mizigo ya wageni haikai kwa mwenyeji. Inakaa kwenye kabati la diski, na kati ya mwenyeji na kabati kuna nyaya. Mawasiliano hayo yakikatika, mgeni anabaki amesimama katikati ya sentensi, mdomo wazi. Skrini haizimiki, inaganda tu, na nesi anaanza kukipigapiga kipanya mezani kama anapasua karanga.

Mama Sanga alinifundisha kwamba diski hupotea kwa namna mbili, na kwamba fundi asiyezitofautisha ni hatari kuliko umeme wa kukatika. Ya kwanza ni kama kupiga simu ikaita mpaka ikakata. Mwenyewe yupo, hajapokea. Hapo unakagua nyaya, unakagua umeme, unasubiri, na vidole vyako unaviweka mfukoni. Ya pili ni simu kupokelewa na jirani anayekwambia yule bwana alishahama. Kabati lenyewe linajibu kwamba diski hiyo halina. Hapo kuendelea kupiga ni kujichosha, na mwenyeji aking'ang'ania kupiga anaweza naye kuganda, pamoja na wageni wengine wasiohusika. Mafundi wengi niliowaona baadaye, hata waliotoka mbali na mikoba ya ngozi, walikuwa wanazima na kuwasha kwanza, kisha ndipo wanauliza kilichotokea. Mama alikuwa anauliza kwanza. Nimewaona wenye shahada mbili mbili wasioweza jambo hilo.

Zana zake zilikuwa nne: tochi, daftari la kaunta, kalamu ya wino usiofutika, na roli ya plasta ya wodini. Plasta hiyo ndiyo ilikuwa lebo yetu. Kila waya ulikuwa na kibandiko cheupe kama kidole kilichofungwa baada ya kukatwa na kisu. Na kila diski iliitwa jina la nyumbani kwa aliyeiandaa, ili ikisumbua ujue wa kumtafuta. Yake ilikuwa Matamba. Yangu, Kichiwa.

Pia alikuwa na sheria tatu. Huweki kitu kwenye diski ya mwenzako bila kupiga hodi. Huondoi diski bila kuaga: wageni watoke kwanza, mwenyeji aambiwe aiachie, kisha ndipo uiondoe kabatini. Na diski iliyoondolewa haifutwi mpaka arobaini yake iishe. Siku arobaini inakaa kabatini, haionekani kwa seva yoyote, haitumiki, lakini ipo. Niliposikia hiyo ya tatu nilicheka kwa dharau. Nikamwambia Mama, diski si marehemu. Akanijibu kwamba anajua, ndiyo maana ana matumaini nayo.

Ukimwendea kumwambia umebadilisha chochote, hata waya wa kipanya, hakuuliza umefanyaje. Aliuliza, "Umemwambia nani?" Miaka ya mwanzo swali hilo lilinichosha mpaka nikawa nalisikia usingizini.

Makambako tulikuwa na kituo kidogo chenye seva zake mbili na kabati lake, kwa sababu mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, ile ya CT, iliwekwa kule kwenye njia panda ya malori na ajali. Fundi wa pale alikuwa Shabani, Muha wa Ujiji, aliyeanza maisha kwa kutengeneza nyaya za malori pale stendi kabla hajasomea kompyuta. Alikuwa na mikono mitulivu kuliko yote niliyopata kuiona. Diski yake ya majaribio aliiita Ujiji, na kwa jinsi alivyoitunza ungedhani ana shamba ndani yake.

Sasa nifike kwenye kosa, na kosa ni langu. Diski ya picha ya Makambako ilijaa. Nilikuwa huko siku hiyo, Shabani alikuwa likizo, nikaona Ujiji ina nafasi tele. Nikamhamishia humo mgeni wa picha, mzima mzima na mizigo yake. Nikajiambia nitamrudisha wiki ijayo. Sikupiga hodi, sikuandika daftarini. Wiki ijayo ilikuja na mambo yake, na inayofuata hivyohivyo, miezi ikapita, naye Shabani hakuwa na jaribio jipya la kumfanya aifungue.

Kisha Shabani akahamishiwa Ludewa. Alhamisi, siku moja kabla ya kuondoka, alinipigia simu akaniambia anataka kuiacha nyumba safi, kwa hiyo ataiondoa Ujiji yake, je, kuna ubaya? Nilikuwa na watu wawili mezani wananigombeza juu ya printa. Nikamwambia aondoe tu, ile si ya majaribio? Haina kitu. Yeye aliaga. Mimi ndiye niliyeagwa, na sikusikiliza.

Ijumaa saa tatu asubuhi Shabani akaiondoa diski kabatini. Kwa kuwa mimi mkubwa wake nilishasema haina kitu, na basi lilikuwa linamsubiri, hakuanzia kwa mwenyeji kama ilivyotakiwa. Akapanda basi. Watu wa picha wakakuta skrini imeganda, wakahangaika na kompyuta yao zaidi ya saa nzima kabla ya kutupigia Njombe.

Na siku hiyo haikuwa siku ya kupoteza picha. Wodini kwetu alilala Lupyana, mkata nguzo, kijana aliyeangukiwa na mti mgongoni. Miguu ilikuwa bado inasikia, lakini kila siku ilisikia kidogo kuliko jana. Daktari bingwa wa mgongo alikuwa amekuja kutoka Dar es Salaam kwa siku mbili, anaondoka Jumamosi mchana, na alikuwa amesema wazi kwamba hagusi mgongo wa mtu bila kuona picha. Picha zilipigwa Makambako Jumanne. Jumatano mashine ya CT iliharibika, ikawa inasubiri kipuri. Filamu za kuchapa tulishaachana nazo, na aliyeshabikia tuachane nazo ni huyu anayeandika. Kwa hiyo mgongo wa Lupyana ulikuwa mahali pamoja tu duniani, na mahali penyewe hapajibu.

Tulichukua gari, Mama Sanga na mimi, maana kabati la kule lilifunguka kwa mtu aliyekaa mbele yake tu. Mkewe Lupyana alikuwa amekaa kwenye ngazi za nje wakati tunatoka. Hakutujua sisi ni nani. Alitupisha tu, akavuta kanga yake miguuni.

Tulipofika barabara kuu Mama akaniuliza ni nani amegusa kabati la Makambako. Nikasema Shabani, aliaga jana. Alimuaga nani? Nikasema mimi. Ujiji ilikuwa na nini ndani? Nikafungua mdomo kusema majaribio, na hapo ndipo nikakumbuka. Jasho lilinitoka, Njombe, mwezi wa saba.

Nikamweleza yote. Hakugeuka kuniangalia. Tukapita mashamba ya chai, tukapita miti ya nguzo. Mwishowe akauliza, "Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu, Mama."

Akatikisa kichwa, akaniambia nimpigie Shabani. Nilipiga mpaka nikachoka. Simu iliita tu, haikupokelewa. Njiani tulipishana na mabasi mawili, na baadaye tuligundua kwamba katika mojawapo alikuwemo yeye, amelala, anakwenda kuanza maisha mapya na dhamiri safi.

Nilichokuwa naogopa kilikuwa kimoja. Kuiondoa diski kabatini ni jambo la kurekebishika. Kuifuta si jambo la kurekebishika. Na Shabani alisema anataka kuiacha nyumba safi. Mtu anayehama hufagia, anachoma takataka, anakabidhi funguo. Ningekuwa mimi, ningefuta.

Tulipofika, nilikimbilia seva. Nikataka kuzizima zote mbili na kuziwasha. Mama akanishika mkono wa sweta. Famasia ilikuwa inaendelea kutoa dawa, mapokezi yanaendelea kuandikisha watu, wote wageni wa seva zilezile. Akavaa miwani, akasoma ujumbe wa mwenyeji mstari kwa mstari kwa sauti ya chini, kama anasoma somo kanisani. Haikuwa simu isiyopokelewa. Lilikuwa jibu la jirani: amehama. Nikakaa kwenye boksi la nyaya.

Yeye alichukua tochi yake, akaenda kwenye kabati. Nikamsikia ananiita kwa sauti ya kawaida kabisa.

Kwenye mlango wa kabati, kwa ndani, kilibandikwa kipande kirefu cha plasta, mwandiko wa Shabani, herufi kubwa zilizonyooka: UJIJI IMETOKA KWENYE SEVA LEO. IPO KABATINI. ISIFUTWE KABLA YA AROBAINI. Na chini yake tarehe ya kuishia, amehesabu mwenyewe.

Nililia. Sioni aibu kuandika. Mtu ameniaga nikampuuza, bila kujua nimemdanganya kwamba diski yake haina kitu, anahama na nyumba yake anataka iwe safi, na bado ameiacha diski aliyoamini ni tupu ikae siku arobaini kwa sababu mama mmoja wa Matamba alisema hivyo ndivyo inavyofanywa. Mimi niliicheka sheria hiyo. Yeye aliifuata wakati hapakuwa na mtu wa kumwona.

Mama alisubiri nifute uso, kisha tukaanza kazi. Kwanza tulimzima yule mgeni wa picha aliyebaki ameganda, maana mwenyeji hawezi kuachia diski iliyohama wakati mgeni bado ameshikilia mlango. Kisha nikairudisha Ujiji kwenye orodha ya seva. Kwa haraka nikaipa namba tofauti na ya zamani. Seva ikaiona, lakini haikuitambua. Ikauliza: je, niiache na alama yake ya zamani, niipe alama mpya, au niiandae upya?

Kuiandaa upya maana yake kuifuta. Nanyi mnajua jinsi maandishi hayo yalivyo ya kirafiki. Kidole changu kilikuwa juu ya kipanya, na sina hakika hata leo kilikuwa kinaelekea wapi.

"Mlowe," akaniita Mama Sanga. "Toa mkono. Tusome kwanza."

Nikatoa mkono. Tukasoma pamoja, mara mbili. Akachagua alama ya zamani, akaandika daftarini alichochagua na saa, ndipo akabonyeza. Saa nane mchana mgongo wa Lupyana ulikuwa kwenye skrini, mweupe, na vipande viwili vya mfupa mahali ambapo havikupaswa kuwa. Tukautuma Njombe. Daktari alipiga simu akasema anaona, na kwamba Jumamosi asubuhi ataanza naye.

Alianza naye. Lupyana nilimwona miezi mingi baadaye sokoni Njombe, fimbo mkono mmoja, kichana cha ndizi mkono wa pili, anabishana na muuzaji. Hakunijua. Nilisimama pale nikimwangalia mpaka muuzaji akaniuliza kama nanunua au namlinda mteja wake.

Shabani alipiga saa kumi jioni ile kutoka Ludewa. Ameona simu kumi na nne, akauliza kuna msiba gani. Mama alinipokonya simu. Akamwambia hakuna msiba, akamshukuru kwa jina lake na jina la baba yake, akamwambia plasta yake itabaki mlangoni. Ilibaki mpaka kabati lenyewe lilipostaafu. Daftarini Mama aliandika kwamba hodi haikupigwa, bila kuandika nani hakupiga. Mimi ndiye niliyechukua kalamu nikaongeza jina langu, naye akaniachia. Hakuwahi kulitaja tena jambo hilo, wala mbele za watu wala tukiwa wawili. Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi waliojua mashine. Waliojua mashine na watu kwa kipimo kimoja, namhesabu yeye tu.

Nilidhani hadithi imeishia hapo. Kumbe.

Wiki iliyopita Neema, fundi mwenzenu, alinipigia. Shikamoo mzee, marahaba. Akaniambia diski yangu ya Kichiwa waliiondoa siku niliyokabidhi funguo, arobaini yake inakaribia kuisha, lakini kabla ya kufuta ameamua kuchungulia. Orodha inasema haina kitu. Ndani amekuta kitu kimoja: picha za CT za zamani sana, zina namba bila jina. Ni za nani?

Nilizijua kabla hajamaliza kuuliza. Jioni ile ya Ijumaa, kwa hofu, nilichukua nakala ya mgongo wa Lupyana nikaificha kwenye diski yangu, ili isipotee tena kamwe. Diski ikahamishwa kabati hadi kabati, na nakala imo. Miaka yote nimewafundisha ninyi hodi na kuaga, nimewagombeza mbele ya watu, na kumbe nina mgeni wangu chumbani ambaye hakuna anayemjua.

Nikamweleza Neema yote, nikamwambia awaulize watu wa kumbukumbu za wagonjwa kabla ya kugusa. Kisha nikampigia Mama Sanga. Yuko kwao Matamba, amezeeka, sauti imepungua lakini haijabadilika. Alikuwa anachambua mbegu za viazi. Nikamsimulia kama mtoto aliyevunja chungu, na nilijua ataniuliza nini.

"Umemwambia nani?"

"Nimemwambia Neema. Na sasa nakwambia wewe, Mama."

Nikasikia kiazi kikidondoka kwenye ndoo, kisha kingine.

"Haya," akasema. "Sasa ndiyo umeaga."